Aliyekosea kwa Utaratibu

Ninyi mnaoanza kazi ya ualimu mwaka huu, naomba mnivumilie kidogo. Mimi chaki nilishaikabidhi. Niko hapa Kambarage, Shinyanga mjini, nafuga kuku kumi na wawili ambao hawana habari kabisa kwamba niliwahi kuheshimiwa, na kila baada ya siku kadhaa mwalimu kijana ananipigia hodi na swali lile lile: "Mama Neema, aljebra huwa unaianzaje?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Acha niandike mara moja, halafu mkija tena mje kunisalimia tu.

Jibu fupi ni kwamba msianze na x. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ukimwandikia x ubaoni anaona alama ya kosa. Tangu Darasa la Kwanza mmekuwa mkimwekea alama hiyo kwa wino mwekundu kila akikosea, leo ghafla mnamwambia ni kitu cha kutafuta. Atanyamaza, nanyi mtadhani haelewi hesabu.

Jibu refu lina watu ndani yake. Kuna mzee aliyenifundisha kazi baada ya chuo kushindwa, kuna makosa yangu mawili ambayo mpaka leo yananiwasha, na kuna mtoto anaitwa Minza, ambaye nusura aishie Darasa la Saba huku mimi nimeshika karatasi yake mkononi na sioni kitu.

Mimi ni mzaliwa wa Korogwe. Nilipopangiwa shule ya msingi upande wa Bulyanhulu, nilifika na sanduku moja, Kiswahili cha Tanga na ujuaji mwingi. Chuoni tulifundishwa kwamba mfano utoke kwenye mazingira ya mtoto. Nikaangalia mazingira, nikaona ng'ombe. Basi kipindi cha kwanza cha aljebra nikamsimamisha mvulana mmoja, Shija.

"Shija, baba yako ana ng'ombe wangapi?"

Kimya. Nikauliza tena, nikidhani hajasikia. Kimya, na darasa zima nalo limeinamia madawati. Mara ya tatu nikapandisha sauti. Shija akaangalia miguu yake, na mimi, kwa hasira zangu ambazo wanafunzi wangu wa zamani wanazijua, nikamtoa nje akasimama juani mpaka kengele ikalia.

Mwalimu Nkwabi alikuwa akiyaona hayo yote kutoka darasa la jirani. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, alifundisha Hisabati Darasa la Sita, na mfuko wa koti lake ulikuwa na chaki na matobolwa pamoja, vile viazi vinavyochemshwa na kukaushwa. Mara nyingi alikosea akatafuna chaki, akaendelea kutafuna ili asiaibike. Mapumziko akaniita pembeni.

"Mwalimu, huku ng'ombe za mtu hazitangazwi. Baba yake mwenyewe jioni anasimama mlangoni kwa zizi, anaziangalia zinaingia. Hahesabu. Anazijua kwa rangi na kwa pembe, ikikosekana moja anajua ni ipi. Sasa wewe unataka mtoto aitangaze mali ya baba yake mbele ya watoto sitini?"

Nikamwambia sikujua.

"Hukujua, sawa. Ila nikuulize. Idadi ipo?"

"Ipo."

"Mwenyewe anaijua?"

"Anaijua."

"Na wewe kwenye hesabu yako unaihitaji kweli? Mpe herufi, uendelee na safari yako."

Kesho yake nilimwomba Shija msamaha mbele ya wenzake, jambo ambalo walimu wengine walilisema kwa wiki nzima. Kisha nikaandika ubaoni: ng'ombe wa kina Shija ni n. Sijui n ni ngapi na sitauliza. Wamezaliwa ndama wanne, wameuzwa wawili. Sasa wako wangapi? Shija akasimama pole pole, kama mtu anayekagua daraja kabla ya kupita, akasema, "n na wawili, mwalimu." Watoto wakacheka kwa raha. Walikuwa wameelewa kwamba unaweza kumheshimu mtu na bado ukafanya hesabu yake. Mimi nilichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba hiyo ndiyo aljebra yenyewe, maana nilikuwa nimeisoma kama mazoezi ya kitabuni.

Mafumbo ya herufi nayo niliyapata kwa mzee yule yule. Alikuwa akiyaandika nyuma ya kalenda iliyopitwa na wakati. La kwanza alilonipa lilikuwa hili:

A + A + A = BA

Masharti ni machache. Kila herufi imeficha tarakimu moja. Herufi mbili tofauti haziwezi kuficha tarakimu moja. Na hiyo BA ni namba ya tarakimu mbili, B iko kwenye makumi, A kwenye mamoja. Jaribuni kabla hamjasoma mbele. Mimi lilinichukua muda mrefu kuliko nitakavyokiri: tano mara tatu, kumi na tano. A ni tano, B ni moja, na hakuna jibu lingine.

Nililipeleka darasani siku hiyo hiyo. Watoto ambao kwa x walikuwa wanasinzia walipanda juu ya madawati. Fumbo halimwambii mtoto "tafuta thamani ya". Linamwambia kuna kitu kimefichwa, na watoto wa kule wamekua wakiona watu wazima wanachimba ardhi usiku na mchana kutafuta kilichofichwa. Hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu atafute.

Na nikiwa kwenye ufundi, niwape mambo madogo ambayo hamtayakuta kwenye kiongozi cha mwalimu. Kateni maboksi vipande vidogo, muandike sifuri mpaka tisa, kila kundi liwe na seti yake, kwa sababu mtoto akisogeza tarakimu kwa mkono hufikiri vizuri kuliko akiandika na kufuta. Ufutio wanyang'anyeni kabisa, kwani kosa lililofutwa haliwezi kusahihishwa. Fumbo la kwanza lifumbuke ndani ya dakika tano, la pili liwatese kidogo. Na msitumie jina la mwanafunzi hata kidogo. Niliwahi kutumia jina la binti mmoja anaitwa Holo, herufi zake mbili zikatoka sifuri na moja, akaitwa Sifuri mpaka anamaliza shule. Nilikutana naye Kahama juzi juzi akiwa na duka la vitenge, na bado hajanisamehe vizuri.

Jingine ni kwamba mafumbo hayo hufika nyumbani. Baba mmoja mchimbaji alikuta karatasi ya mwanae yenye herufi na namba, imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa kaptula. Alikuja shuleni asubuhi na mapema akiwa bado na vumbi la duara, yaani shimo lao la dhahabu, usoni.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, hizi namba mmezitoa kwa nani?"

"Marahaba. Nimezitoa kichwani mwangu."

Akaangalia kulia na kushoto. "Mwalimu, tusifichane. Hapa panaonyesha wapi?"

Alidhani nimempigia mtoto ramli ya kutafuta mkanda wa dhahabu. Nilimkalisha chini nikamwelewesha mpaka akalifumbua mwenyewe, A tano, B moja. Akashukuru sana. Baadaye nikasikia kwamba yeye na wenzake wamechimba hatua tano mashariki na moja kaskazini. Hawakupata kitu, na kwa muda alikuwa akinipita njiani bila salamu.

Sasa nije kwa Minza. Alikuwa binti wa Baba Minza, mfugaji wa kijiji cha jirani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka shuleni. Mdogo wa umbo, mpole, hanyooshi kidole mpaka umtazame. Alikuwa Darasa la Sita, na Mwalimu Nkwabi alishastaafu zamani, siku nilipoandika ubaoni fumbo ambalo nalipenda kuliko yote niliyowahi kutunga:

MIMI + WEWE = SISI

Makundi yakaanza kupiga kelele. Kundi moja likapata 2525 na 4040, jumla 6565. Kundi lingine likapata namba nyingine kabisa. La tatu nyingine. Wakaanza kugombana nani amekosea, wakaja mezani kwangu na karatasi zao niamue kesi. Nikawaambia wote wamepata, wakazidi kukasirika, kwa sababu hawajawahi kuona hesabu yenye majibu mengi na yote sahihi.

Minza alikuwa amezikusanya karatasi za makundi yote, amezipanga kwenye sakafu, anazitazama. Nikamtazama. Akanyoosha kidole.

"Mwalimu, E haibadiliki. Kila mtu kwake ni sifuri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu I ikijumlishwa na E inabaki I. Kitu ukikiongeza na mtu akabaki vile vile, ni sifuri. Nyingine zinaweza kubadilika, ila E haina ujanja."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta ufunguo. Nimefundisha miaka mingi na siku za namna ile nazihesabu kwa vidole. Mtoto yule alikuwa ametenganisha mwenyewe kinachojulikana kwa hakika na kisichojulikana, kitu ambacho watu wazima wengi hatukiwezi hata kwenye mambo yetu ya nyumbani. Nilimpenda kuanzia hapo, nasema wazi, ingawa mwalimu hatakiwi kuwa na mtoto anayempenda zaidi.

Mwaka uliofuata, Darasa la Saba, ukaja mtihani wa majaribio wa kata. Na hapa ndipo lilipotokea kosa langu la pili.

Swali lilisema: ikiwa a = 4, tafuta thamani ya 3a. Mtoto mmoja akaandika 34. Wa pili 34. Nikaendelea kusahihisha. Karibu nusu ya darasa walikuwa wameandika thelathini na nne, na waliofundishwa hivyo walifundishwa na mimi. Kwenye mafumbo, herufi zikikaa pamoja ni makumi na mamoja. Kwenye aljebra, zikikaa pamoja zinazidishwa. Nilikuwa nimewavusha kutoka huku kwenda kule bila kuwaambia kwamba sheria imebadilika njiani, na wao, kwa utii wao, walitumia sheria waliyoijua.

Hili likamateni vizuri, kwa sababu mkiyapenda mafumbo kama mimi mtaanguka hapo hapo. Kabla ya kuyaacha mafumbo, tengeni siku maalumu ya kuyaaga. Waambieni watoto: mpaka jana herufi ilikuwa na chumba kimoja tu, leo inabeba namba nzima. Halafu kwa wiki mbili andikeni 3 × a, alama ya kuzidisha ionekane. Tumieni magunia ya dengu: magunia matatu, kila gunia lina kilo a. Hakuna mtoto wa Shinyanga atakayekuambia magunia matatu ya kilo nne nne yana kilo thelathini na nne. Alama ifichwe wakishazoea, na siku ya kuificha muwaambie kwamba mnaificha.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniuliza kama nimekuja kufundisha au kucheza. Nikaomba karatasi zote nizipitie upya, nijue nani aliumizwa na mafumbo na nani alikosea kwa sababu nyingine. Nilizibeba mpaka nyumbani, nikakaa nazo mezani mchana wa Jumamosi.

Ya Minza ilikuwa chini kabisa. Alama zake zilikuwa zimenishtua tangu siku ya kwanza. Yule mtoto wa E haina ujanja alikuwa amekosa kila swali. Walimu wengine walikuwa wameshasema ameshakua, akili imehama, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaamini. Nikatafuta lile swali la 3a nikitegemea kuona 34. Haikuwa 34. Alikuwa ameandika 19.

Kumi na tisa inatoka wapi? Kila kosa la mtoto lina njia yake, na mwalimu anayelipwa kwa haki lazima aijue hiyo njia. Thelathini na nne niliijua ilikotoka. Hii sikuijua. Nikarudia: tatu mara nne, kumi na mbili. Nikashuka swali la chini, x + 5 = 12. Jibu ni saba, yeye kaandika 14. Eneo la mstatili, jibu 24, yeye 31. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni namba mbili mbili, iliyotakiwa na aliyoiandika. Kumi na mbili na kumi na tisa. Saba na kumi na nne. Ishirini na nne na thelathini na moja. Ukurasa mzima, kila jibu limezidi kwa saba.

Mtu asiyejua hukosea ovyo. Huyu alikuwa amepata kila jibu, akaliongezea saba, akakabidhi karatasi.

Jumatatu nilimwita chini ya ukuta wa stoo, mahali ambapo tungeonekana na wote ila tusisikike. Nikamwonyesha zile namba zangu za pembeni. Akalia bila sauti, kisha akasema akiwa ameangalia chini.

"Baba alisema nisifaulu. Kwa hiyo kwenye majaribio nilikuwa najaribu."

"Na saba?"

"Kuandika ovyo nilishindwa, mwalimu. Niliona aibu. Na baba hakusema nikosee vipi."

Nataka muelewe uzito wake. Mtihani wa mwisho wa Darasa la Saba ulikuwa umebakiza miezi miwili. Asipofaulu hakuna sekondari, na kwa binti wa kule kutokwenda sekondari ni habari iliyokwisha. Na msidhani Minza alikuwa wa kwanza. Mtakaopangwa vijijini mtawakuta wengine, hasa wasichana, wanaoambiwa nyumbani waandike majibu ya uongo ili habari ya shule iishe kimya kimya, bila mzazi kugombana na serikali.

Mwalimu mkuu nilipomweleza alitaka kumwita mtendaji wa kata siku hiyo hiyo. Ilikuwa haki yake. Nikamwomba aniachie kwanza mimi niende, kwa sababu mzazi akishaburuzwa ofisini atasema ndiyo kwa mtendaji na kumwambia mtoto mengine nyumbani, na ndani ya chumba cha mtihani mtendaji hayupo. Alinikubalia kwa shingo upande.

Nilikodi bodaboda mpaka kwa Baba Minza. Nilimkuta anatengeneza jembe la kukokotwa na ng'ombe. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiye na haraka.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimia kwa Kisukuma changu cha kuazima.

"Mwangaluka, mwalimu. Karibu kiti."

Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za malisho. Nikaletewa maziwa mgando. Ng'ombe sikuuliza ni wangapi, mjue nilikuwa nimejifunza. Mwisho nikatoa karatasi. Alikuwa hajui kusoma, nikamweleza polepole: hapa jibu la kweli ni hili, yeye ameandika hili, na hapa, na hapa.

Akapitisha kidole juu ya karatasi. "Kwa hiyo alinitii."

"Alikutii."

"Na alikuwa anayajua?"

"Yote, baba. Hakuna mtoto mwingine darasani aliyeyajua yote."

Nikadhani nimeshinda. Akaweka nyundo chini.

"Mwalimu, Limi ulimfundisha?"

Nilimfundisha. Limi alikuwa dada yake Minza, alifaulu miaka minne kabla.

"Alifaulu, mkanipigia makofi kwenye kikao cha wazazi. Sekondari iko kule senta, karibu na machimbo. Haikuwa na bweni, akapanga chumba na wenzake. Mtoto wa miaka kumi na minne, anapika mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe. Kidato cha Pili akarudi hapa na mimba ya mchimbaji ambaye hata kabila lake hatulijui. Siku anarudi hapakuwa na mwalimu hapa uani." Hakupandisha sauti. "Mimi sikatai shule. Nakataa kile chumba."

Nikaikunja ile karatasi. Kwa sababu ilikuwa kweli. Nilimfundisha Limi, nilifurahia jina lake ubaoni, na sikuwahi hata siku moja kuuliza atalala wapi. Nilikuwa najua kutafuta kila kisichojulikana isipokuwa hicho. Niliona aibu pale kwenye kile kigoda, na aibu hiyo ndiyo iliyonisaidia kusema jambo la maana.

"Baba Minza, mimi nakaa senta, sekondari naiona kutoka mlangoni kwangu. Neema wangu ameshaolewa, chumba chake kipo wazi. Minza akifaulu atalala kwangu. Atapika kwangu, na Ijumaa nitamleta mwenyewe."

Akanitazama, akatazama lile jembe lake. "Nimesikia, mwalimu."

Basi. Mgeni angeng'ang'ania apewe jibu, na mimi zamani ningeng'ang'ania. Lakini mtu wa kule akikuambia amesikia, unashukuru, unamaliza maziwa yako, unaondoka. Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, na anayejua ni yeye peke yake.

Miezi ile miwili nilifundisha kama mtu anayezima moto. Wale wa thelathini na nne tulirudi nao kwenye magunia ya dengu mpaka wakaomba tubadilishe nafaka. Minza alikuwa akipata kila kitu kwenye zoezi, lakini hata kwenye yale majaribio ya kata alikuwa amepata kila kitu kichwani. Sikumuuliza baba amesema nini. Sikutaka mtoto asimame katikati ya baba yake na mimi.

Siku ya Hisabati, walimu wa shule hatukuruhusiwa kusogea, wasimamizi hutoka shule nyingine. Nilikaa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, nikanywa chai ambayo sikumbuki kama ilikuwa na sukari. Baba Minza alifika na baiskeli yake, akasimama ng'ambo ile ya pili, akaniinamishia kichwa. Hatukusogeleana. Watoto walipotoka, Minza akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Barabara ile ni nyembamba, nilikuwa karibu vya kutosha kusikia, na Kisukuma changu kilitosha kuelewa.

"Umeandika nilivyokuambia?"

"Nimeandika, baba."

"Vyote?"

"Vyote."

Akampakia kwenye baiskeli, wakaondoka. Minza hakunitazama. Nilirudi nyumbani nikajifungia, na kama mnataka kujua mwalimu mzoefu anafanya nini siku kama hiyo, analala na viatu. Nilimkasirikia mzee yule. Nilijikasirikia zaidi mimi kwa kumzuia mwalimu mkuu asimwite mtendaji. Wiki zote za kusubiri sikulala vizuri, na kila nilipomwona Limi mnadani amembeba mwanae nilibadilisha njia.

Matokeo yalipotoka mwalimu mkuu alinipigia simu. Nikamwambia anisomee jina la Minza kwanza, wengine baadaye. Akasoma. Nikamwambia arudie. Hisabati alikuwa amepata alama ya juu kuliko mtoto yeyote pale shuleni, wavulana kwa wasichana.

Nilipanda bodaboda ya kwanza iliyosimama, sikungoja hata ipoe injini. Baba Minza nilimkuta anaziba ua wa zizi kwa matawi ya miiba, na habari alikuwa nayo tayari, Minza mwenyewe alikuwa ameipata kwa jirani mwenye simu. Tukasalimiana. Nikakaa. Nikashindwa kujizuia.

"Baba, siku ile nilikusikia unamuuliza kama ameandika ulivyomwambia. Akasema ndiyo. Nilidhani yameisha."

"Ulidhani nilimwambia nini?"

Nikamsogezea tawi lililobaki.

"Asubuhi ile nilimpeleka mwenyewe. Nikamwambia aandike anachokijua." Akachomeka tawi la mwisho, akalikanyaga lishike. "Mtoto huyu hajawahi kunikaidi, mwalimu."

Kisha akaniuliza kama kile chumba cha Neema kina chandarua.